Mkono wa Mbao wa Kassian Laimer

Katika kijiji cha Sankt Kosmas, mtu akisema "mwaka ule wa kofia", hana haja ya kutaja tarakimu. Wazee wanajua ni 1953. Vijana wanajua tu kwamba ndio mwaka Kassian Laimer alipomvua Bwana Mwinyi kofia ndani ya shamba la Bwana Mwinyi mwenyewe, na kila mmoja, hata aliyezaliwa miaka ishirini baadaye, ana maoni yake kama Kassian alikuwa na haki au hakuwa nayo. Niliwahi kuona watu wawili wakiacha karata mezani wasisemezane mpaka Krismasi kwa sababu hiyo.

Nilipomjua, Kassian alikuwa na miaka sabini na minane. Nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya langoni, ile iliyo chini ya jumba la Zwingfeld, kwa wiki mbili; nikakaa miaka sita. Alikuwa mfupi, mpana mabegani, vidole vimepinda kwa kufunga mizabibu tangu utotoni. Lahaja ya bonde lile nilijifunza jikoni kwake, na nilijua kutukana kwa lahaja hiyo kabla sijajua kusali. Juu ya mlango wa jiko palitundikwa mkono wa mbao, mkubwa kama mwiko wa kupikia harusi, rangi yake nyekundu imebanduka, kidole kimoja kimenyooka. Niliupita mara nyingi mno kabla ya kuuliza. Mkewe, Burga, ndiye aliyejibu.

"Huo? Huo ndio uliotupa nyumba na kumnyang'anya huyu kofia."

Kassian akaendelea kumenya viazi.

Alizaliwa mtoto wa nne katika nyumba ya wapangaji, na kule shamba haligawanywi: huenda zima kwa mtoto wa kwanza. Wa pili huwa padri au seremala, wa tatu hutafuta mjane mwenye ng'ombe, na wa nne, kama walivyozoea kusema, hurithi mafua ya baba. Kassian alirithi mikono. Kufikia miaka ishirini hakuna aliyekata mizabibu kumshinda katika mteremko mzima wa Zwingfeld. Lakini mikono si nyumba, na asiye na nyumba haoi. Hata padri hakukubali kutangaza ndoa mpaka aambiwe maharusi watalala wapi.

Naye alikuwa na wa kumwoa. Notburga, ambaye wote walimwita Burga, alikuwa mpishi wa jumba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Walikuwa wamengojana miaka saba. Nyumba ya langoni ilikuwa tupu tangu bawabu wa zamani afe, na kila mwaka ilisemekana atapewa fulani, na kila mwaka fulani huyo hakuwa Kassian.

Kwa miaka hiyo saba Kassian alikuwa pia mlinzi wa zabibu. Mlinzi alichaguliwa na kijiji, si na jumba. Alitakiwa awe hana mke, hana deni, halewi, na awe ameapa mbele ya wazee wa mizabibu. Tangu Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, mwishoni mwa Julai, mpaka kikapu cha mwisho kiteremke, aliishi katika kibanda cha miti juu ya mteremko, asishuke, asinyoe ndevu, asiende hata Misa. Mchana aliwafukuza kwezi, ndege wala zabibu, kwa kelele za mjeledi. Alivaa koti la ngozi, mkufu wa meno ya nguruwe mwitu, na kofia ambayo watoto waliiota: manyoya ya tausi na ya jogoo, mikia ya mbweha ikining'inia hadi mabegani. Kassian alipoivaa alionekana mrefu, jambo ambalo halikumpata mahali pengine popote.

Siku ya Mtakatifu Yakobo mteremko ulifungwa. Katika kila njia ya kuingilia mlinzi alitundika mkono wa mbao, na aliyeupita mkono amekosa. Haidhuru awe nani. Mashamba ya wanakijiji yalichanganyika na yale ya jumba, safu kwa safu, na anayeingia kwake anaweza kunyoosha mkono kwa jirani. Kwa hiyo hata mwenye mali hakuingia katika mali yake, ila siku za ruhusa, tena akifuatana na mlinzi. Sheria hiyo ilitiwa sahihi na babu wa mababu wa jumba lenyewe. Nimevuka mipaka mingi yenye bunduki na mihuri, ila sijaona mpaka uliotiiwa kama zile mbao nyekundu.

Aliyekamatwa hakupigwa wala kushtakiwa. Kofia yake iliwekwa rehani. Jumapili ya Mtakatifu Martino, mwezi wa Novemba, mlinzi alizitundika kofia zote kwenye ua wa kanisa baada ya Misa, akasema hadharani hii ilikamatwa wapi na lini, na mwenyewe akajongea mbele ya kijiji kizima, akachukua kofia yake, akatoa mshumaa wa nta wa kilo moja. Kati ya siku aliyokamatwa na siku hiyo hakuvaa kofia nyingine. Mvua ikinyesha, inyeshe.

Lakini sheria ni msumeno. Mlinzi naye, akichukua rehani mahali pasipo na mkono, hutundika kofia yake yenye manyoya kando ya ile aliyoichukua, na haivai tena maisha yake.

Mkesha wa kufunga mteremko mwaka ule, Kassian alikuwa amebakiza mkono mmoja, ule wa njia ya ukutani, chini kabisa. Mikono ilifungwa kwa vifito vya miti ya mferejini, vilevile vinavyofunga mizabibu, na kila mtoto wa kule anajua kwamba ufito hulowekwa siku mbili kabla ya kufunga, la sivyo ukikauka juani hukatika kama tambi. Ufito wa mwisho aliokuwa nao ulikuwa mkavu. Wakati huohuo Burga alikuwa amesimama kwenye jiwe la mpaka na mkate wa matufaha uliotoka jikoni sasa hivi, na ilikuwa saa yao ya mwisho ya kukaa pamoja kabla ya miezi mitatu ya kuongea kwa umbali wa hatua tano. Kassian aliufunga mkono kwa ufito mkavu, akauzungusha mara mbili, akasema utashika.

Jumapili moja katikati ya Septemba, kijiji chote kikiwa kanisani, kengele ilipigwa ya kuinua hostia, mkate mtakatifu wa Misa. Kassian, kama ilivyokuwa desturi ya mlinzi, alipiga magoti palepale alipokuwa, akavua kofia na kuelekeza uso kanisani. Mizabibu ya kule hulazwa juu ya vichanja, kama paa la banda, hivyo aliyepiga magoti haoni watu, anaona miguu. Akaona viatu vya kahawia, vizuri, vikitembea taratibu kwenye safu ya ukutani.

Alimaliza sala yake kwanza. Hilo alilisisitiza kila mara aliponisimulia. Kisha akavaa kofia, akachukua mkuki wake wa ulinzi, akateremka.

"Simama hapo."

Mtu yule akageuka. Alikuwa Hartwig von Zwingfeld, mwenye jumba, ambaye kijijini hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Bwana Mwinyi, kama baba yake na babu yake. Mtu wa miaka hamsini, mkavu, mwenye haya zilizodhaniwa kuwa kiburi. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo chenye vichala vitatu.

"Ni mimi, Kassian."

"Naona, Bwana Mwinyi. Kofia."

Bwana Mwinyi akaeleza kwa sauti ya chini. Mama yake, Bibi Mkubwa Adelgund, alikuwa kitandani tangu Agosti, na kwa siku tatu alikuwa hajala kitu. Asubuhi hiyo alisema angeonja zabibu za ukutani. Safu ile ilipandwa na marehemu mumewe mwaka waliooana. Siku ya ruhusa ilikuwa Alhamisi, na daktari hakuahidi Alhamisi.

Kassian aliniambia kwamba alitazama kikapu, akatazama mikono iliyokishika, akawaza mambo mawili kwa pamoja: kwamba bibi huyo ndiye aliyemsimamia dada yake mdogo kama mama wa ubatizo, na kwamba huyu ndiye mwenye funguo za nyumba ya langoni. Jambo la pili ndilo lililomfanya asirudi nyuma. Angemwachilia, alisema, asingejua tena mpaka kufa kama alimwachilia kwa huruma au kwa ajili ya nyumba.

"Sheria inataja kofia tu, Bwana Mwinyi," alisema. "Zabibu haizitaji. Mpelekee mama."

Bwana Mwinyi akageuza kichwa akatazama nyuma, kule mwanzo wa njia, kwenye mti wa kutundikia, kana kwamba anatafuta kitu. Kassian alidhani anapima kama atafika nyumbani bila kuonekana. Akavua kofia yake ya kijani yenye kishungi cha nywele za mbuzi mwitu, akaitoa kama mtu anayerudisha sahani.

"Shika," alisema, akaondoka na kikapu chake, jua likimpiga kwenye upara.

Kufikia jioni kijiji chote kilijua. Rochus, mwenye kilabu cha mvinyo, ambaye mwaka ule ndiye pia aliyekuwa mkuu wa wazee wa mizabibu, alipanda hadi kwenye jiwe la mpaka ili tu amtazame. Alisimama pale mikono kiunoni, akicheka kwa tumbo.

"We Kassian, sasa umebakiza Baba Mtakatifu tu. Akipita hapa, mvue ile nyeupe. Lakini nyumba, mwanangu, nyumba isahau. Utaoa kwenye kibanda cha kuku."

Kassian alijua hivyo pia. Usiku wake haukuwa mzuri.

Burga ndiye aliyemletea chakula kila adhuhuri, sufuria ya supu ya shayiri au matonge ya mkate na nyama ya moshi, akaiweka juu ya jiwe la mpaka na kurudi hatua tano, kama sheria ilivyotaka. Jumatano alikuja akikimbia, supu imemwagika nusu.

Bibi Mkubwa alikuwa amekula kichala kizima. Halafu aliuliza kwa nini mwanawe anaingia na kutoka bila kofia kama mkopaji, na aliposimuliwa alicheka mpaka Burga, aliyekuwa akimshikia kikombe, akadhani ndiyo roho inatoka. Kisha akasema maneno ambayo Burga aliyarudia kwa Kassian mara mbili ili asiyapoteze: aliyemvua mwanangu kofia ndiye wa kukaa langoni, mnataka bawabu wa namna gani mwingine? Na Bwana Mwinyi, aliyesimama kando ya kitanda, alijibu: kama utakavyo, mama. Siku ya Mtakatifu Martino funguo zitakabidhiwa.

"Nimeshapima madirisha," Burga alisema. "Ni manne. Moja ni dogo, la chooni, hilo halihitaji pazia."

"La chooni ndilo linalohitaji," Kassian alisema.

Alinisimulia kwamba siku kumi zilizofuata ndizo zilizokuwa bora katika maisha yake. Hakuzihesabu wakati ule, alizihesabu baadaye.

Mwishoni mwa Septemba mvua kubwa ilinyesha, mfereji wa chini ukaziba, naye akashuka kuuzibua. Katika majani ya mferejini, chini ya mti wa njia ya ukutani, aliona kidole chekundu. Mkono ulikuwa umelala kifudifudi. Ufito ulikuwa umekatika mahali palepale alipouzungusha. Mtu mwingine angejiambia kwamba ni mvua ya jana, lakini Kassian alikuwa mkulima. Aliuinua mkono akatazama nyasi za chini yake: zilikuwa njano na nyembamba kama nywele za mgonjwa. Nyasi hazigeuki hivyo kwa siku moja wala kwa wiki mbili. Mkono ulikuwa umelala pale tangu joto la Agosti.

Kwa hiyo Jumapili ile hapakuwa na mkono. Alikuwa amemvua mtu kofia kwenye njia iliyo wazi. Na nyumba ilitoka kwenye kofia hiyo.

Adhuhuri Burga alipokuja alimkuta amekaa kwenye jiwe la mpaka lenyewe, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

"Mkono wa ukutani ulikuwa umeanguka," alimwambia.

"Lini?"

"Kabla."

Burga aliweka sufuria chini. "Nani ameuona?"

"Mimi."

"Basi umeuona wewe, na mimi nimesikia upepo tu."

"Rehani ile si halali, Burga."

"Kassian, nina miaka thelathini na mmoja. Watoto wa dada zangu wameshaanza kunikosoa chumvi. Nimepima madirisha."

"Najua."

"Ufito ulikuwa mkavu?"

"Mkavu."

Burga akalitazama jiwe alilokalia. "Kwa sababu ya mkate wangu."

"Mkate ulikuwa mtamu," Kassian alisema, akitumaini atacheka. Hakucheka. Alichukua sufuria ya jana akaondoka, na kwa siku tatu aliweka chakula juu ya jiwe kabla Kassian hajashuka, asingoje.

Siku ya nne alimngoja. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kwa nguvu, namna anavyofanya akitaka kuchinja.

"Nimefikiri," alisema. "Ukinyamaza, sitakulaumu. Ukisema, sitakulaumu. Ila usiniulize mimi nikuchagulie, maana mimi nitachagua madirisha."

Kassian hakumwuliza. Aliuficha mkono kibandani chini ya majani makavu anayolalia, na ulimchoma mbavu mpaka mwisho wa msimu. Kwenye mti wa ukutani alitundika mwingine, ufito umelowekwa siku mbili.

Bibi Mkubwa Adelgund alifariki juma la kwanza la Oktoba, wakati wachumaji walipokuwa tayari wamefikia safu za juu. Maziko yalipita barabara iliyo chini ya mteremko. Kassian, ambaye hakuruhusiwa kushuka, alipiga magoti mpakani. Wanaume wote walitembea vichwa wazi, na baada ya kaburi kufunikwa wote walivaa kofia zao kwa sababu palikuwa na manyunyu. Wote isipokuwa mmoja. Bwana Mwinyi alirudi nyumbani maji yakimtiririka shingoni. Mavuno yote aliyasimamia hivyo hivyo, juani na mvuani, ingawa Burga alijua kabatini mwake mna kofia zisizopungua tisa. Wachumaji waliokuwa wakimcheka Septemba walikoma kumcheka. Kassian alimtazama kutoka juu siku baada ya siku, na kila alipoutazama ule upara, mbavu zilimchoma zaidi.

Angeweza kumwendea faraghani. Hilo nilimwuliza mwenyewe. Aliniambia kofia haikuchukuliwa kwa ajili ya kuonyeshwa faraghani.

Jumapili ya Mtakatifu Martino palikuwa na baridi na jua kali. Mwaka ule kulikuwa na kofia sita. Kijiji kizima kilitoka Misa na kusimama uani, wengi wamekuja mahsusi kumwona Bwana Mwinyi akijongea. Kassian alikuja amenyoa, amevaa mavazi yake yote. Alizitundika kofia tano, akataja mahali na siku ya kila moja. Wenyewe wakaja mmoja mmoja na mishumaa yao, wakachekwa, wakaondoka. Akatundika ya kijani. Halafu akavua ya kwake, ile ya tausi na mbweha, akaitundika kando yake.

"Kassian," Rochus aliita kutoka mbele, "umelewa hata sijafungua?"

Kassian akatoa mkono wa mbao ndani ya koti. Ufito uliokatika ulikuwa bado umeuzunguka. Alisema kwa maneno machache, kwa maana hakuwa msemaji: njia ya ukutani haikuwa na mkono siku ile, aliufunga yeye, kwa ufito mkavu, kwa haraka, ulianguka Agosti, rehani hii aliichukua kwa makosa. Hakumtaja Burga wala mkate. Kisha akamgeukia Bwana Mwinyi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa kanisa na mshumaa mkononi.

"Na nyumba ilitolewa kwa ajili ya kofia hii," alisema. "Kwa hiyo nayo si yangu."

Wanasema ungesikia nta ikinuka. Watu walikwisha kumwimbia Kassian kilabuni, na sasa hakuna aliyejua aimbe nini.

Bwana Mwinyi alishuka ngazi. Alifika uani, akatazama kofia mbili, akagusa mkia mmoja wa mbweha kwa kidole.

"Nilijua," alisema. "Nilipopita niliutafuta mkono nikaona mti mtupu."

"Ungesema, Bwana Mwinyi," Kassian alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hasira. "Ungesema palepale."

"Mkono hutundikwa kwa ajili ya mgeni asiyejua. Mimi nilijua shamba limefungwa. Ningebishana nawe juu ya kamba, na mama ananingoja?"

Akachukua kofia yake ya kijani lakini hakuivaa. Akampa Rochus mshumaa. Rochus, ambaye sasa hakuwa na mzaha wowote usoni, akasema kwamba Bwana Mwinyi hadaiwi mshumaa kwa kuwa rehani haikuwa halali. Bwana Mwinyi akasema anadaiwa kwa kuwa aliingia. Wazee watatu wa mizabibu wakaanza kubishana hapohapo, mmoja akasema sheria inataja mkono, mwingine akasema sheria inataja siku, na ubishi huo, kama nilivyotangulia kusema, haujaisha mpaka leo. Juu ya Kassian lakini hawakubishana. Rochus aliishusha kofia ya manyoya polepole, kama mtu anayeshusha jeneza la mtoto, akaikunja mikia ndani.

Kassian alikuwa ameshageuka aende, kichwa wazi, asijue pa kwenda kwa sababu kibanda kilikuwa kimevunjwa, na nyumbani kwao chumba chake alishapewa mpwa wake. Hapo Burga akatokeza kutoka upande wa wanawake. Katika miaka kumi na mmoja ya upishi hakuwahi kumsemesha Bwana Mwinyi mbele za watu zaidi ya "chakula tayari".

"Bwana Mwinyi, samahani. Nyumba ile sasa haina mtu?"

"Haina."

"Basi naiomba mimi."

Bwana Mwinyi hakuelewa. "Kwa ajili yake?"

"Huyu amekwisha kuikataa, umemsikia, kichwa chake kigumu. Naiomba kwa jina langu. Nimewapikia miaka kumi na mmoja. Zile zabibu ni mimi niliyezichambua mbegu moja moja nikamlisha Bibi Mkubwa. Mimi sikufunga mkono wowote, wala sikumvua mtu kofia."

"Kwa jina lako," Bwana Mwinyi alirudia.

"Kwa jina langu. Na iandikwe."

"Na Kassian?"

Burga alimtazama Kassian toka juu hadi chini, kichwa kile kilichopauka kwa kukaa miezi mitatu ndani ya manyoya.

"Akibisha hodi, nitamfungulia."

Rochus ndiye aliyeanza kucheka, kisha wanawake, kisha uani kote. Burga anaapa kwamba hata Bwana Mwinyi alicheka. Kassian anasema alikohoa. Lakini wote wawili wanakubaliana kwamba alivaa kofia yake ya kijani, akaiweka sawa, akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zilizokuwa zimeletwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Walioana Januari. Kwa miaka mingi kilabuni Kassian aliamkiwa kama "bwana aliyeolewa", na kila alipochelewa mtu alimkumbusha abishe hodi kwa adabu. Hakukasirika. Aliendelea kukata na kufunga mizabibu ya jumba mpaka magoti yalipogoma. Hakuvaa kofia ya aina yoyote tena, hata ya baridi, ingawa sheria ilimnyima ya manyoya tu. Walinzi waliomfuata walikuwa wawili. Kisha zikaja nyavu za ndege na nyaya za uzio, na kofia ya tausi ikaingizwa kabatini kwenye ofisi ya kijiji, ambako nondo waliimaliza. Bwana Mwinyi alipokaribia kufa, mwaka 1971, aliomba zabibu za ukutani. Ilikuwa Agosti, mteremko haukuwa unafungwa tena, lakini Kassian alikwenda kwanza kwa Rochus, wakati huo mzee na kiziwi, akaomba ruhusa kwa kupiga kelele mpaka barabarani wakasikia.

Kila Februari nilipokuwa pale niliwaona wakifanya kazi moja bila kusemezana. Kassian alileta mzigo wa vifito kutoka mferejini, akavilaza kwenye hori la maji nje ya mlango. Siku ya pili, kabla hajaviondoa, Burga alitoka jikoni akikausha mikono kwenye aproni, akachukua kimoja, akakikunja kidoleni mara tatu, akakisikiliza.

"Bado," angesema, hata kama kimelainika kabisa. Na Kassian alivirudisha majini mpaka kesho yake.

Siku niliyouliza habari za mkono ule, nilipanda kwenye kiti nikautazama kwa karibu. Ufito uliokatika ulikuwa bado umeuzunguka, mweusi na mgumu kama mfupa. Lakini siyo uliokuwa ukiushikilia. Nyuma yake palipita waya, uliopindwa kwa koleo mara nne na kupigiliwa misumari miwili.

"Huo niliufunga mimi," Burga alisema kutoka jikoni. "Siku tuliyohamia."